Namna ya Kuchagua Mahali pa Stendi ya Mabasi: Mbeya na Iringa

Anayepanga mahali pa stendi asianze na kiwanja kilicho wazi, ingawa ardhi isiyodai fidia huvutia sana. Aanze na abiria. Aweke watu wa kuhesabu katika vituo vilivyopo, alfajiri, mchana na jioni, siku ya kawaida na siku ya gulio, wakiandika abiria anakotoka, anakokwenda, na kama akishuka huendelea kwa daladala, bajaji au miguu.

Safari hizo zichorwe kwenye ramani ili kuona zinapoachana. Jijini Mbeya, barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma huachana Uyole na njia ya Tukuyu na Kyela iendayo mpaka wa Malawi. Kwa hiyo basi litokalo Iringa kwenda Kyela halina sababu ya kuingizwa Mwanjelwa, ndani zaidi ya jiji, ilhali abiria wa Mbalizi na Tunduma wanahudumiwa vyema upande wa magharibi. Kwa maoni yangu, mji uliorefuka kando ya barabara namna hii haufai kulazimishwa kuwa na stendi moja tu.

Iringa ina mtihani mwingine. Mji uko juu mlimani, na barabara kuu inapita chini, Ipogolo. Stendi ya mabasi ya mikoani ikiwekwa huko chini, kama ilivyofanyika Igumbilo, mabasi makubwa hayalazimiki kupanda, lakini adha ya kupanda inamhamia abiria na mizigo yake. Hivyo daladala za mjini zipewe nafasi ndani ya uzio uleule, tena zianze kazi kabla ya basi la kwanza la alfajiri. Zisipokuwepo, madereva watashusha watu njiani na wapigadebe watawafuata hukohuko.

Eneo lenyewe liwe karibu tambarare, lenye mitaro inayomudu mvua za Novemba hadi Aprili, na lenye upana wa kuliwezesha basi la mita 12 kugeuka bila kurudi nyuma. Lango lisifunguke moja kwa moja kwenye barabara inayopitiwa na malori ya Zambia. TANROADS, wakala wa barabara kuu, washirikishwe kuhusu maungio ya lango na barabara hiyo, na LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, kuhusu njia za mabasi, kabla mchoro haujakamilika.

Vituo vidogo vya daladala vinaweza kuachana mita 400 hivi penye tambarare, na kukaribiana zaidi penye mlima. Kabla ya kumwaga zege, kituo kijaribiwe kwa alama za rangi na banda la muda, kisha abiria wahesabiwe upya.