Kulinda miti ya bustani dhidi ya wadudu na panya katika majira ya baridi

Mti uliopukutisha majani umelala, ila adui zake bado wako juu yake. Mayai ya vidukari yako kando ya macho ya matawi (vichipukizi vilivyofunga), mayai ya utitiri kwenye mikunjo ya gome, na wadudu gamba, wadudu wadogo waliojifunika ganda, wameng'ang'ania matawi. Mti ukiwa mtupu, ni rahisi zaidi kuwaona, na dawa inawafikia.

Hatua ya 1: Safisha. Ondoa matunda yaliyokauka mtini na yaliyoanguka, kusanya majani yaliyougua, vyote vitoke bustanini. Matandazo yasiguse shina, acha nafasi ya sentimita 15 kuzunguka. Yakigusa, panya hujificha humo wakitafuna gome.

Hatua ya 2: Zungushia shina wavu. Tumia wa waya wenye matundu ya milimita 6, na uuache mbali kidogo na gome. Ufukie sentimita 5 hadi 8 ardhini, na juu uzidi kimo cha theluji unachotarajia kwa sentimita 45. Kosa la kawaida ni kupima kutoka ardhini: theluji ikijaa, sungura husimama juu yake na kula gome la juu. Gome likitafunwa kuzunguka shina lote, chakula kutoka kwenye majani hakifiki tena mizizini, na mti hufa. Kwa kuwa wavu unafukiwa, kazi hii ifanywe kabla ardhi haijaganda.

Hatua ya 3: Pogoa. Penye kidonda, kata sentimita 10 hadi 15 chini yake, kwenye sehemu ya tawi isiyougua, siku kavu. Wadudu gamba wachache wakwaruze kwa ukucha: aliye hai hutoa majimaji, aliyekufa ni mkavu. Ukikuta wengi walio hai, utahitaji hatua inayofuata.

Hatua ya 4: Pulizia mafuta ya bustani, yaani mafuta mepesi yaliyotengenezwa kwa kupulizia miti. Hapa ndipo wengi huharibu. Mafuta hayana sumu kali, huua kwa kuziba pumzi ya mdudu na ya yai. Yai lililozama usingizini hupumua kidogo mno, kwa hiyo usipulizie katikati ya baridi. Subiri mwisho wa majira, macho yanapoanza kuvimba lakini kabla hayajafunguka.

Kipimo cha kawaida ni asilimia 2, yaani mililita 200 kwa lita 10 za maji, lakini lebo ya dawa yako ndiyo yenye kauli ya mwisho. Jaza maji nusu ya bomba, mimina mafuta, koroga, kisha ongeza maji yaliyobaki. Endelea kulitikisa bomba unapopulizia. Mafuta yakijitenga, miti mingine itapata maji matupu na mingine itaungua.

Chagua siku tulivu, joto likiwa juu ya nyuzi 5 za Selsiasi, na pasiwe na mvua wala kuganda kwa saa 24 zijazo. Lowesha kila upande wa tawi hadi dawa ianze kudondoka, hasa kwenye panda na chini ya matawi, kwa sababu yai lisiloguswa litaanguliwa. Usitumie mafuta karibu na siku ulizopulizia salfa, maana viwili hivyo huunguza mti. Misonobari yenye rangi ya buluu iache kabisa, mafuta huiondolea rangi hiyo.

Baada ya wiki mbili, kwaruza tena wadudu gamba kwa ukucha.