Utumbo umeziba, tumbo halina kovu wala ngiri: utafute wapi?

Mgonjwa anatapika, tumbo limejaa, maumivu yanakuja na kuachia, na tangu jana hajapata choo wala kujamba. Kujua kwamba utumbo umeziba si kazi. Kazi ni kujua kwa nini. Kovu la upasuaji likiwapo, fikiria kwanza utumbo ulioshikana. Shida huanza pale tumbo lisipokuwa na kovu wala ngiri.

Kabla ya kutafuta, mwekee mpira wa pua unaofika tumboni, namba 16 au 18 (huyo ni mtu mzima), dripu ya Ringer (maji yenye chumvi za mwili) na mpira wa mkojo. Mkojo usipungue mililita 0.5 kwa kila kilo kwa saa. Pima potasiamu: ikishuka chini ya milimoli 3.5 kwa lita, utumbo unaweza kulala tu bila kuzibwa na kitu, na mtu akapasuliwa bure. Akiwa na homa, mapigo zaidi ya 100, maumivu yasiyokatika au tumbo gumu kama ubao, acha uchunguzi. Huenda utumbo unakufa. Apelekwe kupasuliwa, sababu itaonekana humo humo.

Sasa rudi kwenye ngiri, maana nyingi "hazipo" kwa sababu khanga haikufunguliwa. Muombe bibi radhi, weka pazia, mfunue hadi magotini. Ngiri ya paja hukaa chini ya mkunjo wa kinena na huenda isizidi ndimu. Kuna nyingine haishikiki kabisa, ya tundu la nyonga. Huwapata zaidi vikongwe wembamba wa kike. Mlaze chali, nyoosha mguu, utanue nje, kisha geuza paja kuelekea ndani. Maumivu yakiteremka upande wa ndani wa paja hadi gotini, umeipata. Baadhi yao wameshachuliwa goti kwa miezi wakidhaniwa wana baridi yabisi. Yasipoteremka, usiifute, kipimo cha CT ndicho kitakachoamua.

Kisha uliza, tena kwa undani. Amekuwa akitoka jasho usiku, akikonda, tumbo likijaa na kupungua kwa wiki kadhaa? Papasa chini kulia: kifua kikuu cha tumbo hupenda kukaa pale utumbo mwembamba unapoungana na mpana. Eksirei safi ya kifua au makohozi yasiyo na vimelea havikiondoi. Mwenye VVU mfunue mdomo. Madoa ya zambarau kwenye kaakaa yanaonyesha saratani ya Kaposi, ambayo huota hata utumboni.

Mzee asiye na meno, au aliyewahi kupasuliwa tumbo la chakula, muulize maembe na machungwa aliyokula na nyuzi zake. Nyuzi zikifungamana huwa donge. Mtoto muulize mbegu za ubuyu na za mapera. Binti mwenye upara wa viraka huenda anakula nywele.

Kwa mtoto aliyetapika au kunya minyoo, papasa donge laini linalohamahama. Ultrasaundi huonyesha mistari sambamba kama reli. Usimpe dawa ya minyoo utumbo ukiwa umeziba: minyoo ikilegea yote kwa pamoja, mzibo huzidi. Kichanga anayetapika kijani usimsubirishe hata picha ya kesho. Hiyo ni dharura mpaka ithibitike vinginevyo, kwani utumbo uliokaa vibaya tangu tumboni mwa mama unaweza kuwa umejisokota.

Kwenye eksirei, upana wa utumbo mwembamba usizidi sentimita 3, mpana 6, sikamu (mwanzo wa utumbo mpana) 9. Halafu tazama ini, sehemu wanayoisahau wengi. Hewa yenye matawi katikati ya ini iko kwenye njia za nyongo: huenda jiwe la nyongo, mara nyingi la zaidi ya sentimita 2.5, limetoboa na kuingia utumboni, hata kama lenyewe halionekani. Hewa iliyosambaa hadi pembezoni mwa ini iko kwenye mishipa ya damu, na ni dalili mbaya zaidi. Usimnyweshe bariamu, ile dawa nyeupe ya kupigia picha.

Ukimpa rufaa kwenda hospitali za Dar es Salaam, yaani Amana, Temeke, Mwananyamala au Muhimbili, andika saa aliyojamba mara ya mwisho, potasiamu, na kiasi kilichotoka kwenye mpira wa pua. Mpira wa pua usifungwe; uning'inie wazi kwenye mfuko. Mvua ikifunga barabara ya Jangwani, foleni inaweza kula saa nzima, na akitapika amelala, matapishi yataingia mapafuni.