Somo: Kumsaidia mwenye ugonjwa wa akili aache sigara, nyumba kwa nyumba

Wapendwa, somo hili mmelidai muda mrefu na leo nimekaa nalo. Ni la wale tunaowafuata watu majumbani: wahudumu wa afya ya jamii, wauguzi wa afya ya akili, na ndugu wanaouguza. Ya wodini siyagusi, huko kuna taratibu zake. Maswali mliyonitumia nimeyajibu mwishoni.

Niseme mapema ninachoamini, anayetaka kubisha abishe. Mara nyingi kinachomzuia mgonjwa wetu kuacha sigara ni sisi, wala si ugonjwa wake. Tunamwonea huruma ya ajabu: "Mwacheni, ndiyo starehe yake pekee." Zamani hata hospitali za magonjwa ya akili ziliwapa sigara kama zawadi wagonjwa waliotandika vitanda au waliokunywa dawa bila fujo. Wapo waliojifunzia kuvuta hukohuko. Halafu mtu huyo anakufa miaka 10 hadi 20 kabla ya wenzake, na mara nyingi kinachomwondoa ni moyo au mapafu, si zile sauti za kichwani tulizokuwa tukihangaika nazo.

Hatua ya 1: Anza na kichwa chako

Kama wewe mwenyewe unaamini sigara inamtuliza, usitoke nyumbani kwako bado. Nikotini inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache, kisha inaanza kushuka. Baada ya saa moja au mbili mwili unadai: mtu anakuwa na wasiwasi, mikono haitulii, kila anayemsemesha anamkera. Anawasha nyingine, anatulia. Hapo amelipa deni la sigara iliyopita na kukopa jipya, basi.

Mwaka 2014 jarida la kitabibu la BMJ la Uingereza lilichapisha uchambuzi wa tafiti 26 zilizowafuatilia wavutaji. Walioacha walipungukiwa na wasiwasi, sonona na msongo kuliko walioendelea kuvuta, na hata wenye magonjwa ya akili walikuwa hivyohivyo. Nafuu yenyewe ililingana na ile inayoletwa na dawa za sonona. Mwenzako akikwambia "akiacha atachanganyikiwa", mjibu kwa hilo.

Hatua ya 2: Ziara ya kwanza, usihubiri

Habari za saratani anazijua, zimeandikwa kwenye pakiti. Wewe keti, salimia, kisha uliza matatu: Ukiamka, ya kwanza unaivuta baada ya muda gani? Kwa siku unavuta ngapi? Umewahi kujaribu kuacha, na ilikuwaje?

Swali la kwanza ndilo kipimo chenyewe. Anayewasha ndani ya nusu saa tangu aamke ana uraibu mzito. Baba mmoja alinijibu, "Sista, mimi siamki nikavuta. Navuta ndipo naamka." Sikuhitaji kuuliza zaidi.

Idadi usiiamini sana. Huyohuyo aliniambia anavuta kumi. Tukiwa tunazungumza akavuta kopo kutoka chini ya kiti, akachagua vipisi vitatu, akavipasua kwa ukucha mmojammoja, akakusanya tumbaku iliyobaki kwenye karatasi na kusokota. Kidole cha shahada na cha kati vilikuwa na rangi ya kahawia mpaka kwenye fundo. Halafu wenye skizofrenia (ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kushuku watu) huvuta kwa nguvu na kwa kina, hivyo kutoka kwenye sigara moja wanapata nikotini nyingi kuliko mvutaji mwingine. Kumi zake si kumi zako.

Kabla ya kuondoka muulize kama angependa kuacha siku moja. Mtashangaa wangapi wanasema ndiyo, na wangapi wanaongeza kwamba hakuna aliyewahi kuwauliza.

Hatua ya 3: Daftari la siku tatu

Achore alama ndani ya pakiti kila anapowasha, na neno moja pembeni: nimeamka, nimekula, nimegombana, sina kazi. Asiyejua kuandika achore tu, mtayazungumza mkikutana. Kwa wagonjwa wengi utakuta alama zimejazana mchana, zile saa ndefu ambazo hakuna anayemhitaji wala kumtuma. Hapo ndipo pa kujaza kitu, hata kama ni kutembea na wewe mpaka njia panda na kurudi.

Hatua ya 4: Kliniki ijue kabla ya siku ya kuacha

Hii msiiruke. Mimi niliwahi kuiruka na nitawasimulia.

Moshi wa tumbaku unalichochea ini litengeneze kwa wingi kimeng'enya kiitwacho CYP1A2. Kazi yake ni kuvunjavunja vitu mwilini, na miongoni mwa vitu hivyo ni klozapini na olanzapini, dawa wanazopewa wenye skizofrenia. Kwa mvutaji dawa inavunjwa haraka, kwa hiyo daktari alishampandishia dozi mpaka ikafanya kazi. Mtu akiacha kuvuta, ini linapunguza kasi ndani ya wiki moja hivi. Dozi ni ileile, lakini kwenye damu dawa inarundikana.

Nilikuwa na kijana anayetumia klozapini. Aliacha ghafla, tukampongeza, dada yake akalia kwa furaha. Siku ya tisa nikamkuta amelala saa tano asubuhi, mto umelowa mate, akisimama anashika ukuta. Nyumbani walidhani ni uvivu. Mimi nilidhani ni uchovu wa kuacha, nikaenda zangu. Bahati ni kwamba dada yake hakuridhika na jibu langu, akampeleka kliniki jioni ileile. Dozi ikapunguzwa, akarudi sawa. Klozapini ikizidi inaweza kuleta degedege na kufunga choo kwa hatari, kwa hiyo lile kosa lingeweza kutugharimu mtu.

Basi mwandikie daktari au mwambie ana kwa ana: fulani anaacha sigara tarehe fulani, anatumia dawa hizi. Kwa klozapini madaktari wengi hushusha dozi kwa takriban robo katika wiki ya kwanza na kupima kiwango chake kwenye damu panapowezekana. Wewe dozi usiiguse, na mgonjwa asiiguse. Kumbuka pia kwamba anayefanya haya ni moshi, si nikotini. Plasta ya nikotini, ile inayobandikwa kwenye ngozi kupunguza hamu, haitalirudisha ini kwenye kasi yake ya zamani. Na akirudi kuvuta, kliniki ijue vilevile, maana sasa dozi itakuwa ndogo na ugonjwa unaweza kumrudia.

Kimeng'enya hichohicho ndicho kinachovunja kafeini. Mnywaji wa kahawa apunguze kwa nusu siku anapoacha sigara, la sivyo atatetemeka na kukosa usingizi, lawama iende kwa kuacha sigara. Litiamu, dawa ya bipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi), haimo kwenye mkasa huu, yenyewe inatolewa na figo.

Hatua ya 5: Dawa za kumsaidia

Nia peke yake kwa mraibu mzito ni kumtuma mtu vitani mikono mitupu. Bidhaa za nikotini zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009, bupropioni na vareniklini, vidonge vya kusaidia kuacha sigara, viliongezwa 2021. Ulizeni kituoni kwenu kilichopo.

Anayevuta zaidi ya 10 kwa siku kwa kawaida huanza na plasta ya miligramu 21 kwa wiki sita, kisha 14 kwa wiki mbili, kisha 7 kwa wiki mbili. Wetu mara nyingi wanahitaji muda mrefu zaidi, wapeni. Ibandikwe kila siku mahali papya, pakavu, pasipo na nywele. Nimeshaokota plasta nyingi sakafuni kwa kupuuza hili la nywele. Plasta inafaa zaidi ikiambatana na jojo ya nikotini kwa zile dakika ambazo hamu inapanda ghafla.

Jojo nayo ina namna yake. Anatafuna polepole mpaka asikie ukali, anaipachika kati ya shavu na fizi, ukali ukiisha anatafuna tena, hivyo hivyo kwa nusu saa. Akiitafuna kama jojo za watoto anameza nikotini, anapata kwikwi na kiungulia, anaitupa na kusema haifanyi kazi. Mwonyeshe kwa mdomo wako mwenyewe, lakini wewe tumia jojo ya kawaida.

Vareniklini iliwahi kuogopwa kwamba inavuruga akili. Utafiti wa EAGLES wa 2016, wenye washiriki zaidi ya 8,000 na takriban nusu yao wakiwa na historia ya ugonjwa wa akili, haukukuta ongezeko kubwa la matatizo hayo ukilinganisha na plasta au kidonge kisicho na dawa ndani. Mwaka huohuo Marekani iliondoa onyo kali lililokuwa kwenye maboksi ya dawa hiyo na ya bupropioni. Bupropioni asipewe mwenye kifafa, na mwenye bipola daktari ampime kwa makini kwanza.

Hatua ya 6: Siku yenyewe na wiki zinazofuata

Chagueni kipindi ambacho ugonjwa umetulia na dawa hazijabadilishwa karibuni. Asiyeweza kuacha kwa mkupuo apunguze kidogokidogo huku ana plasta, hiyo ni njia halali. Nenda siku ya kwanza, ya tatu, ya saba, halafu kila wiki. Arosto, yaani mwili kudai nikotini, ya siku tatu za mwanzo ndiyo kali. Hamu ikija haidumu, dakika chache inapita. Akae na wewe zipite.

Kama mna kile kifaa cha kupuliza kinachopima monoksidi ya kaboni, hewa ya sumu itokayo kwenye moshi, kibebeni. Baba yule wa vipisi alipuliza siku ya kwanza ikasoma 28, baada ya siku mbili ikasoma 5. Akaomba apulize tena, akadhani mashine imekosea.

Msijidanganye kuhusu matokeo. Uingereza walifanya jaribio kwa watu 526 wenye magonjwa makali ya akili, matokeo yakatoka 2019. Kundi moja lilipata mtaalamu wa afya ya akili aliyefundishwa kazi hii, anayewafuata nyumbani wakihitaji na kuwaruhusu wapunguze kwanza. Baada ya miezi sita walioacha walikuwa asilimia 14, dhidi ya 6 kwa waliopata huduma ya kawaida. Baada ya mwaka ni 15 kwa 10, na tofauti ikawa si ya uhakika tena. Kwa hiyo tunahitajika hata baada ya miezi sita, na hapo ndipo miradi mingi inapofunga daftari.

Hatua ya 7: Watu wa nyumbani

Wanaovuta wavutie nje. Na ule mtindo wa "kunywa dawa nikupe sigara" ukome siku hiyohiyo.

MASWALI YENU

*Mama anayeuguza:* Shikamoo sista. Mwanangu ana skizofrenia, leo siku ya nne hajavuta. Amekuwa mkali na halali. Ndiyo ugonjwa umerudi?

Marahaba, mwanangu, na pole. Arosto huanza siku ya kwanza, inakuwa kali wiki ya kwanza, na hulegea ndani ya wiki mbili hadi nne. Inapoa akipata nikotini. Ugonjwa ukirudi hautulizwi na jojo: ataanza kusikia sauti, kushuku watu, na hali itazidi siku hadi siku. Angalia plasta kama ilibadilishwa leo. Kama analala nayo na anaota ndoto za kutisha, aivue usiku. Punguza kahawa. Ukiona zile dalili za pili, au akitaja kujiua, mpeleke leo.

*Mhudumu mpya:* Nimemkuta anavuta na plasta iko mkononi. Nimeibandua haraka nikihofia moyo. Nimefanya sawa?

Mrudishie, mdogo wangu. Kuvuta akiwa na plasta hakumsimamishi mtu moyo, na wengi hupunguza sigara hivyohivyo. Nikotini ikizidi atasikia kichefuchefu, jasho na moyo kwenda mbio. Hapo ndipo unabandua na kuita kliniki.

*Kaka mmoja:* Ndugu yangu amehamia sigara ya kielektroniki. Nifurahi au nikasirike?

Haina moshi wa kuchoma tumbaku, hivyo madhara ni machache kuliko sigara, ila si salama, na nchi nyingine zimeipiga marufuku. Jambo moja kaka usilisahau: kwa ini, ameacha kuvuta. Kama anatumia klozapini au olanzapini, ya hatua ya 4 yanamhusu kama yalivyo.

*Muuguzi mwenzangu:* Wangu anachanganya tumbaku na bangi.

Basi mnaacha vyote viwili, dada, maana kila msokoto unamrudishia nikotini. Na moshi wa bangi nao unalichochea ini, kwa hiyo mwambie daktari kuhusu vyote.

*Mhudumu wa siku nyingi:* Wangu alikaa miezi mitatu safi. Jana kavuta moja, leo hataki kunifungulia mlango. Nianze naye upya?

Hapana, miezi mitatu yake iko palepale. Ana aibu tu. Nenda kesho, usingoje zamu ya wiki, na usifungue mazungumzo kwa sigara. Akikaribisha, ulizia ilikuwa wapi, saa ngapi, na alikuwa na nani. Plasta irudi siku hiyohiyo. Akiendelea kuvuta zaidi ya siku mbili tatu, pigia kliniki kabla hujapanga tarehe nyingine.