Vibibi, katlesi na viazi lishe: vitafunio vya mtoto asiyekula ngano

Mwanangu alikuwa na miezi 8 nilipompa kipande cha biskuti akiwa amekaa mapajani. Chai yangu haijapoa, shingo imejaa vipele na midomo inavimba. Tulikimbia hospitali, akapimwa, tukaambiwa ana mzio wa ngano. Nilirudi nyumbani nikalia, maana asubuhi zetu hapa Tanga ni chapati, maandazi na mkate. Mama mkwe akaniambia, "Mwanangu, sisi tumekulia vibibi. Chapati ilikuwa ya sikukuu." Basi nikaanzia hapo, kwenye vibibi, vile vikate vya mchele na tui la nazi.

Loweka vikombe 2 vya mchele usiku kucha. Asubuhi mwaga maji, usage kwenye blenda pamoja na kikombe 1 cha tui la nazi, ndizi mbivu 1, kijiko cha chai 1 cha hamira na hiliki kidogo. Sukari na chumvi situmii, hajafika mwaka. Saga mpaka ukipapasa rojo kwa vidole usikute chenga. Funika mahali penye joto. Kwangu dakika 45 zinatosha, utaona povu juu.

Bandika kikaango kizito, moto mdogo, paka mafuta kidogo, mimina upawa mdogo kisha ufunike. Vibibi havigeuzwi. Vinaiva kwa mvuke, juu vinatoboka vitundu na kukauka. Moto ukiwa mkali chini vitaungua na juu vibaki vibichi, na hapo ndipo wengi wanapokata tamaa.

Kata vipande virefu kama kidole chako. Mtoto wa miezi 7 au 8 hushika kwa kiganja kizima, kwa hiyo lazima kipande kichomoze nje ya ngumi ndipo apate cha kutafuna. Akianza kudonoa kwa kidole gumba na cha shahada, ndipo umkatie vidogo.

Mchana napenda katlesi za samaki. Chemsha changu au kolekole, umchambue kwa vidole, si kwa uma, kwa sababu mwiba unausikia kwa ngozi. Rudia mara mbili. Ponda na mbatata zilizochemshwa, kitunguu kilichoiva na yai (kama yai umeshamjaribishia na halikumdhuru), finyanga ndefu ndefu, viringisha kwenye unga wa mchele badala ya chenga za mkate, kaanga kwa mafuta kidogo.

Siku ya haraka, viazi lishe (viazi vitamu vya rangi ya chungwa) vya mvuke. Chakula chochote unachompa kibonyeze kwanza kati ya vidole viwili. Kisipopondeka, rudisha jikoni. Karanga nzima usimpe, asali usimpe kabla ya mwaka, na asile akiwa amelala au anatambaa. Kaa naye.

Kupika kwenyewe si kazi. Kazi ni ngano inayojificha. Vitumbua vya kununua vingine huchanganywa unga wa ngano ili vishikane. Bhajia za dengu mara nyingine hukaangwa kwenye mafuta yaliyotoka maandazi. Tambi na semolina ni ngano. Unga wa lishe wa dukani soma pakiti yote, na wa kusagisha uliza: nilikwenda mashineni na mchele wangu safi nikakuta mbele yangu wamesaga ngano, na kinu hakioshwi. Tangu siku hiyo nasaga nyumbani, hata kama ni kidogo kidogo. Chapati za watu wazima zina kibao chake na kikaango chake, na kikaango cha mtoto kinaning'inia peke yake.

Chakula kipya nampa kimoja, asubuhi, si usiku, kisha nasubiri siku 2 au 3 kabla ya kingine. Nikiona uvimbe wa midomo au anapumua kwa shida, sisubiri, naondoka naye kwenda hospitali.

Tukialikwa shughulini nabeba vibibi 6 kwenye kontena. Mashangazi wanampenda, na mapenzi yao ni kumtia andazi mdomoni, kwa hiyo nikifika tu, kabla sijavua viatu, natangaza: "Jamani, huyu ngano inamdhuru, akitaka kula mumpe hiki." Kisha kontena namkabidhi shangazi mkubwa mwenyewe alishike, na akishalishika yeye hakuna anayethubutu kumpa mtoto kitu kingine.