Namna ya Kuwamaliza Nzi wa Matunda Jikoni

Kwa kuwa ninatengeneza juisi nyumbani kwangu Dar es Salaam, msimu wa maembe unapoanza hulazimika kupambana na wale nzi wadogo wa hudhurungi wenye macho mekundu. Mtego wa siki husaidia, lakini hauwamalizi iwapo mahali wanapozaliwa hapajapatikana, kwa sababu jike mmoja hutaga mamia ya mayai, na katika joto la nyuzi 25 yai huwa nzi kamili kwa siku 10 hivi.

Hatua ya kwanza, basi, ni kutafuta chimbuko. Toa matunda yote kapuni na uligeuze kila moja, ukichunguza kikonyo cha embe na mahali ganda la ndizi lilipopasuka. Usiishie hapo. Mwaka mmoja nilihangaika wiki mbili nikitupa hata maembe mazima, kumbe kiazi kimoja kilikuwa kimebingirika nyuma ya mtungi wa gesi na kuoza hadi kuwa uji, na nilipokiinua kwa karatasi nilikuta mabuu meupe, madogo kuliko punje ya mchele, yakijinyonganyonga ndani yake. Kagua pia kikapu cha vitunguu, chupa za soda zenye masalio, kitako cha ndoo ya taka na dekio lililoachwa likiwa bichi.

Hatua ya pili, funga uozo wote katika mfuko na uutoe nje siku hiyohiyo. Matunda mazima yaoshwe, yafutwe, kisha yawekwe kwenye friji au katika chombo chenye kifuniko kinachobana. Kawa ya ukili haitoshi, kwa maana nzi hawa hupenya katika matundu yake.

Hatua ya tatu ni mtego. Mimina siki vijiko vitatu katika bilauri, ongeza kipande cha ndizi iliyoiva mno na tone moja la sabuni ya kuoshea vyombo, ambayo huufanya uso wa siki ushindwe kumbeba nzi, naye akazama. Kunja karatasi kama faneli yenye tundu dogo, uichomeke mdomoni mwa bilauri, na ubadilishe siki kila baada ya siku mbili.

Iwapo wadudu unaowaona ni weusiweusi, wana manyoya na hutua ukutani karibu na sinki, hao si nzi wa matunda, bali hutoka katika utelezi wa bomba la maji machafu. Bandika selotepu juu ya tundu la sinki usiku, ukiacha upenyo. Ukiwakuta wamenasa asubuhi, sugua ndani ya bomba kwa brashi ndefu, sabuni na maji ya moto. Tafadhali usichanganye kamwe jiki na siki, kwani hutoa gesi yenye sumu.

Acha mtego kwa wiki mbili, ili mayai yaliyokwisha kutagwa yasikuletee kizazi kipya. Ukiendelea kunasa nzi baada ya hapo, vuta friji mbele na utazame trei ya maji iliyo nyuma yake.