Jinsi ya kuomba kibali cha kutega dhulumati ya majaribio ndani ya eneo lililofungwa, Pemba

Ukitaka kutega dhulumati, yaani mshipi mrefu wenye ndoana nyingi, ndani ya eneo la bahari lililofungwa, hata kama nia yako ni kuhesabu kasa na papa wanaonasa bila kukusudiwa, unaomba ruhusa ya kufanya jambo ambalo mvuvi wa Wesha au Kojani akilifanya atakamatwa. Liweke hilo mbele ya macho yako tangu siku ya kwanza, maana kila karatasi utakayoijaza inatoka hapo.

Andiko la kwanza nililosaidia kuliandaa lilirudishwa na ofisi moja likiwa na mstari wa wino mwekundu chini ya maneno "kwa ajili ya utafiti". Pembeni mtu ameandika neno moja: "Upi?" Siku ile nilikasirika. Leo naona aliyeandika alikuwa na haki, na mwongozo huu nauandika ili andiko lako lisirudi na swali lilelile.

Kwanza, jua maji ni ya nani

Chukua ramani, weka alama mahali unapotaka kutega, kisha pima umbali kutoka pwani. Ndani ya maili 12 za baharini uvuvi unasimamiwa na Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi ya Zanzibar, chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 7 ya 2010. Kuanzia hapo hadi maili 200 ni bahari kuu, na mlango wa kugonga ni Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu, yenye makao yake Fumba, Unguja. Huko bahari kuu zinahusika pia kanuni za Tume ya Tuna ya Bahari ya Hindi, ambayo Tanzania ni mwanachama wake.

Kwa Pemba wengi huangukia kwenye Hifadhi ya Mkondo wa Pemba, PECCA, iliyoanzishwa mwaka 2005 upande wa magharibi wa kisiwa. Si yote iliyofungwa. Sehemu kubwa wavuvi wanavua kwa zana zinazoruhusiwa, lakini ipo sehemu isiyovuliwa kabisa, na inayojulikana zaidi ni ile ya magharibi ya kisiwa cha Misali. Soma kanuni za hifadhi yenyewe na uandike kwa usahihi ni katazo lipi unaomba lilegezwe, kwako peke yako na kwa muda maalumu. Ombi linalosema "naomba kuvua ndani ya hifadhi" halimsaidii anayelisoma.

Kwa nini ndani?

Hili ndilo swali litakalolipitisha au kuliangusha ombi lako. Kama jibu linaweza kupatikana nje ya eneo lililofungwa, nenda kalitafute nje.

Sababu nzuri zipo. Pengine zana unayotaka kuijaribu imekusudiwa kuwanusuru kasa, na nje kasa ni wachache mno kiasi kwamba utatega miezi sita usipate cha kulinganisha. Pengine unataka kujua kama kufungwa kwa eneo kumebadilisha idadi ya papa, na bila kupima ndani na nje kwa zana ileile hutajua. Mfano ambao wataalamu wengi wanaujua ni wa Marekani: eneo lao la uvuvi wa dhulumati katika Atlantiki ya kaskazini, upande wa Newfoundland, lilifungwa mwaka 2001 kwa sababu ya kasa. Kati ya 2001 na 2003 meli chache zikaruhusiwa kuingia kwa majaribio tu, zikiwa na waangalizi, kulinganisha ndoana za duara na zile zenye umbo la herufi J, na chambo cha samaki na cha ngisi. Mwaka 2004 eneo likafunguliwa kwa masharti yaliyotokana na majaribio hayo. Walipima huku kumefungwa, ndipo wakaamua.

Lakini usiinakili kazi yao ukaibandika Misali. Kwao zilikuwa meli kubwa na ndoana kubwa, na kasa waliowahofia ni wa jamii nyingine. Hapa kwetu ni kasa wa kijani na ng'amba, vyombo vyetu ni mashua na boti za faiba, na dhulumati zetu nyingi hutegwa chini kwa ajili ya papa, taa na samaki wa miamba. Jibu la kwao linakupa swali zuri tu.

Sababu mbaya ni moja, na huonekana upesi kwa anayesoma bajeti: mtu ameandika kwamba gharama za mafuta zitalipwa na samaki watakaopatikana. Ukiandika hivyo, umeomba kuvua.

Nenda kwa wavuvi kabla hujaenda mjini

Wengi hufanya kinyume. Wanapata mihuri yote, kisha wanashuka diko, pale vyombo vya wavuvi vinapofikia, na bahasha mkononi kuwaarifu watu. Nakusihi usifanye hivyo. Anza kwa sheha, yeye atakukutanisha na kamati ya wavuvi ya shehia, na bwana diko, msimamizi wa diko, awepo. Kwa Misali usiishie kwenye shehia zilizo karibu. Wakojani na wengine huja huko kwa dago, wanakaa siku nyingi mbali na kwao, nao wana haki ya kusikia.

Nilikaa kwenye kikao kimoja cha namna hiyo chini ya mwembe, baada ya sala ya alasiri. Mtafiti kijana alieleza vizuri, akatoa ndoana ya duara mfukoni ikapita mkono kwa mkono. Mzee mmoja aliishika muda mrefu, akaipitisha ncha yake kwenye ukucha wa kidole gumba. Ncha ya ndoana hii imepindia ndani, kwa hiyo haikwaruzi ovyo. Samaki akiimeza na kuvuta, hurudi mpaka pembeni mwa mdomo na kunasa hapo, badala ya kuzama tumboni. Mzee akalielewa hilo bila kuelezwa. Kisha akauliza: "Mwanangu, sisi mmetwambia tusitie ndoana pale, tukakubali. Leo mnatia nyinyi. Samaki atakayekufa atakuwa wa nani?"

Uwe na jibu la swali hilo, na liwe limeandikwa. Njia iliyonikaa vizuri ni hii: samaki wa biashara waliokufa, kama jodari au nguru, wapelekwe mnadani kwenye diko walilokubaliana watu, na fedha iende kwa kamati, si kwa mabaharia wala kwa mradi. Muhtasari wa kikao, wenye saini za waliohudhuria na muhuri wa sheha, uwe kiambatisho cha kwanza cha ombi lako.

Na kumbuka unaongea na watu ambao Misali kwao si eneo tu kwenye ramani. Wanasimulia kuwa Nabii Khidhri aliomba msala, ulipokosekana akasali juu ya kisiwa chenyewe kwa kuwa kimeelekea kibla. Uhifadhi wake umewahi kuelezwa misikitini kama amana, na ukiingia na ndoana unaigusa amana hiyo.

Andiko lenyewe

Lipitishe kwanza kwa wanaolijua jambo: Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi na Rasilimali za Baharini Zanzibar, ZAFIRI, au Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyopo Unguja. Mmoja wao akiwa mshirika wako, ombi linasimama kwa miguu miwili.

Eleza zana kana kwamba msomaji ataitengeneza mwenyewe. Urefu wa mshipi mkuu, idadi ya ndoana, aina na ukubwa wake, kina, chambo, saa ya kutega na saa ya kuvuta. Badilisha kitu kimoja tu. Kama mshipi una ndoana 200, ziwe 100 za duara na 100 za kawaida, moja baada ya nyingine, chambo kilekile, kina kilekile. Ukibadilisha ndoana na chambo kwa pamoja, mwisho wa kazi hutajua ni kipi kilichomwokoa kasa, na waliokufa watakuwa wamekufa bure.

Halafu kuna urefu wa matawi, yaani kamba zinazoshikilia ndoana kwenye mshipi mkuu, jambo ambalo nimeliona likisahauliwa kwenye maandiko mengi. Kasa anavuta pumzi. Akinasa kwenye tawi fupi lililofungwa kwenye mshipi uliozama, hafiki juu, anazama akiwa anapambana. Kanuni ya Marekani kwa mishipi inayotegwa karibu na uso wa maji ni kwamba tawi liwe refu kuliko kamba ya boya kwa angalau asilimia 10. Kamba ya boya ikiwa mita 10, tawi liwe mita 11. Kwa mita hiyo moja kasa anaweza kufika juu akavuta hewa mpaka mumkute. Iandike kwenye andiko, na muda wa kuacha mshipi majini uwe mfupi, saa chache badala ya usiku kucha.

Kwenye matawi, sema kama ni nailoni au waya. Papa huikata nailoni kwa meno akaenda zake, waya humshikilia. Anayepitisha ombi lako anajua tofauti hiyo.

Weka pia kikomo. Kasa wangapi wakifa kazi inasimama? Papa pingusi, wale wenye kichwa kama nyundo, wangapi? Taja namba, na utaje nani mwenye amri ya kusimamisha. Asiwe wewe.

Barua na vibali

Hapa ni kufuata utaratibu tu. Barua iende kwa Katibu Mkuu wa Wizara, na nakala kwa idara zinazohusika na uvuvi na uhifadhi wa bahari na kwa ofisi ya wizara Pemba. Kibali cha utafiti chenyewe, kwa mgeni na mwenyeji, kinaombwa Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali. Mgeni ashughulikie na Uhamiaji mapema. Chombo kiwe na usajili, leseni na maboya ya kuokolea yanayotosha watu wote. Kama utapeleka vipande vya nyama au damu maabara ya nje, Mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, unakuhusu: kasa wote wa baharini wamo kwenye Kiambatisho cha Kwanza, na papa pingusi waliingizwa cha Pili mwaka 2013. Usisubiri sampuli ziwe kwenye barafu ndipo uulize.

Panga tarehe kwa kufuata upepo. Ukichelewa kuomba, kibali kitatoka kusi limeshakaza na chombo kidogo hakitoki.

Siku za kazi

Kabla ya kila safari, KMKM, kikosi cha kuzuia magendo, na walinzi wa hifadhi wawe na taarifa: jina la chombo, nahodha, siku na mahali. Doria ikikukuta usiku Misali na ndoana, haitajua kuwa wewe ni mtafiti. Nakala ya kibali ikae kwenye mfuko usioingia maji.

Chukua mwangalizi aliyeteuliwa na kamati, alipwe posho sawa na wengine, na daftari lake liwe lake.

Kasa akipatikana, asivutwe kwa mshipi. Atiwe kwenye wavu wa mkono, apandishwe taratibu. Kama ameimeza ndoana na haionekani, usiichokonoe. Kata mshipi karibu kabisa na mdomo. Akiwa amelegea kama aliyekufa, mlaze kwa tumbo, sehemu ya nyuma iinuliwe juu kidogo ili maji yatoke mapafuni, mfunike kitambaa kibichi bila kumziba pua, na mngoje. Nimeona mmoja aliyelala hivyo tangu alfajiri, sote tukiwa tumekata tamaa, akafungua jicho jua likiwa juu. Alirudishwa injini ikiwa imezimwa.

Siku ya mwisho, hesabuni ndoana mbele ya kamati palepale dikoni. Zilizotoka 200, zilizorudi pengine 193. Zile saba zilizokatwa ziwe zimeandikwa, kila moja na usiku wake na mahali pake, na kamati ipewe nakala ya daftari hilo kabla hamjapanda gari kwenda Chake.