Arduino Uno au ESP32 kwa kupima maji tangini?
Hizi ni bodi ndogo za kompyuta za kuendeshea sensa. Anza na volti, si bei. Uno R3 hutumia volti 5, hivyo sensa ya HC-SR04 (hupima umbali kwa mawimbi ya sauti) unaiunga moja kwa moja. ESP32 ni ya volti 3.3, volti 5 za Echo (pini ya sensa inayotoa jibu) zinaweza kuiunguza. Weka rezista ya kilo-omu 1 kati ya Echo na pini ya ESP32, kisha ya kilo-omu 2 kutoka pini hiyo hadi graundi.

Ukitaka vipimo vifike kwenye simu, chukua ESP32: Wi-Fi imo ndani. Ikijizima na kuwaka kila inapounganisha, umeme hautoshi. Tumia chaja ya angalau miliampia 500 na waya mfupi, mnene. Sensa za analogi (zinazotoa volti inayopanda na kushuka) ziunge pini 32 hadi 35, kwani za ADC2 (kundi la pili la pini za kusoma analogi) hazisomi vizuri Wi-Fi ikiwashwa.